Ushauri: Mteja anakuja na bunduki ya wenzo, na anamtaka mbogo

Mzee,

Nina miaka 27, kwetu ni Itigi, na huu ni mwaka wangu wa pili nikijifunza kazi chini ya mwindaji bingwa katika kitalu kimoja upande wa Rungwa. Mungu akipenda, mwakani nitaomba leseni yangu mwenyewe.

Mwezi wa nane tunampokea mteja kutoka Montana, Marekani. Amelipia siku 21, anataka mbogo wawili na simba. Juzi ametuma barua pepe na picha. Haji na .375 kama wengine. Anakuja na bunduki ya wenzo, Winchester ya mwaka 1895 yenye risasi ya .405, aliyoirithi kwa babu yake. Anasema Rais Roosevelt aliwapiga simba wa Afrika Mashariki kwa bunduki kama hiyo, na kwamba tangu utotoni ndoto yake ni kusimama mbele ya mbogo akiwa nayo mkononi.

Bosi anasema mteja ni mfalme, aje na anachotaka. Mwindaji bingwa ninayejifunza kwake amenitupia mimi kazi ya kumjibu, nadhani anataka kuona nitasema nini. Mfuatiliaji wetu wa nyayo, ambaye ni rika la baba yangu, nilipomwonyesha ile picha kwenye simu aliitazama muda mrefu, kisha akanirudishia simu bila kusema neno. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mzee, nimkatalie? Tukimpoteza, lawama ni yangu. Nikimkubalia na mambo yakaharibika, lawama ni yangu pia. Na kweli bunduki hiyo haifai, au ni woga wetu wa kitu tusichokizoea?

Mwanagenzi, Manyoni

---

Kijana wangu,

Nitaanza na jibu, maelezo yafuate. Bunduki ya babu yake usiikatae. Simba anaweza kumwinda nayo, kwa masharti. Mbogo wa kwanza ampige kwa bunduki ya kambi, .375 au kubwa zaidi. Mbogo wa pili tutamzungumzia huko mbele, na atakayeamua si bosi, si mteja, wala si mimi. Ni yule mzee aliyekurudishia simu kimya. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Tuitendee haki bunduki yenyewe kwanza, maana umeuliza swali zuri: haifai, au hatujaizoea?

Bunduki ya wenzo wengi tumeiona kwenye sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Chini ya kifyatulio kuna mkono wa chuma. Ukiusukuma mbele ganda linaruka nje, ukiurudisha risasi mpya inaingia. Ni nyembamba, haina kitu kinachochomoza ubavuni, na mtu wa mkono wa kushoto anaitumia sawasawa na wa kulia. Aliyeizoea anapiga risasi ya pili na ya tatu huku kitako kikiwa bado begani, na haraka kuliko wengi wetu tunavyovuta bolti. Hayo ni mambo ya kweli, na mteja wako akiyasema usimbishie.

Nyingi za aina hii hubeba risasi ndani ya mrija ulio chini ya mtutu. Risasi zinalala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa fataki ya ile iliyo mbele yake. Ndiyo maana vichwa vyake hukatwa bapa. Ncha kali, bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, inaweza kuilipua fataki ya mwenzake humo humo ndani ya mrija. Winchester ya 1895, ambayo John Browning ndiye aliyeibuni, iliachana na mrija huo. Risasi zake zinakaa kwenye kisanduku mbele ya kifyatulio, moja juu ya nyingine, hivyo iliweza kubeba risasi ndefu na zenye nguvu zaidi. Mwaka 1904 wakaitolea hiyo .405. Kwa wakati wake ilikuwa bunduki ya heshima, na hata leo heshima hiyo haijaisha.

Sasa hesabu. Kichwa cha .405 kina uzito wa gramu 19.4 na kinatoka kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa sekunde. Chukua .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912. Kichwa chake cha kawaida kina uzito ule ule wa gramu 19.4, ila mwendo wake ni kama mita 770. Mita 100 zinasikika kidogo, lakini nguvu ya risasi hukua kwa mwendo mara mwendo. .405 inatoka mtutuni na jouli 4,370 hivi, .375 inatoka na zaidi ya 5,700.

Na si nguvu peke yake. Kichwa cha .375 ni chembamba na kirefu, cha .405 ni kinene na kifupi. Chukua misumari miwili ya uzito mmoja, mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mnene, uigongee kwenye ubao wa mninga kwa nyundo moja. Unajua upi utazama. Mwili wa mbogo ni huo mninga. Dume linafikia kilo 700 au zaidi, ngozi ya shingo na bega ni nene, mara nyingi ina tope lililokauka juu yake, na mbavu zake ni pana na zimekaribiana. Moyo uko chini, kati ya miguu ya mbele, nyuma ya mfupa mkubwa wa bega. Risasi isiyofika pale haijafanya lolote ila kumwamsha.

Kwetu Tanzania mstari wa chini kwa wanyama hatari ni .375. Ukipima kipenyo tu, .405 inauvuka, na mteja wako atakuambia hivyo. Ofisi ya wanyamapori uiulize mapema na jibu ulipate kwa maandishi, mambo ya silaha usiyaachie uwanja wa ndege. Lakini tazama na wenzetu wa Zimbabwe, ambao hawakuishia kwenye kipenyo. Wao wanapima pia nguvu: kwa tembo, kiboko na mbogo wanataka jouli 5,300, kwa simba 4,300. Weka .405 kwenye mizani hiyo. Mstari wa simba imeuvuka kwa unywele, mstari wa mbogo haijaufikia. Sheria ya kipenyo inaweza kumpitisha mteja wako. Mbogo hasomi kipenyo.

Na kwa kuwa utakutana na wengine baada ya huyu, nikuongezee hili. Wako wanaokuja na bunduki ya wenzo ya .45-70, risasi ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1873. Hiyo ina hatari yake ya pekee: jina ni moja, risasi ni za aina nyingi. Za zamani zina nguvu ya jouli 2,000 na kidogo, zinatosha kulungu wa huko kwao. Zilizojazwa kwa nguvu siku hizi, zikiwa na kichwa kigumu cha gramu 28 hivi, zinaikaribia 4,700. Dukani zote zinaitwa .45-70. Mtu akikuambia nimekuja na .45-70 hajakuambia kitu bado. Mwombe sanduku, usome.

Turudi kwa Roosevelt, maana mteja wako hakusema uongo. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani. Wapagazi wakamwita Bwana Mkubwa, na mwanawe Kermit, kijana mtanashati, wakamwita Bwana Maridadi. Alikuwa na Winchester ya .405, na kwa simba aliisifu kama dawa yenyewe. Lakini mwambie mteja wako asome habari yote, asiishie kwenye simba. Simba wale wengi aliwapiga kwenye nyika za wazi za Kenya, mnyama ukimwona toka mbali na nafasi ya kurudia risasi ipo. Alipopanda kwenye misitu ya Mlima Kenya kumfuata tembo, mkononi alikuwa na bunduki nzito ya Holland yenye mitutu miwili, na pembeni yake alikuwa R. J. Cuninghame, mmoja wa wawindaji hodari wa zama zile. Tembo wa kwanza alipoanguka, dume la pili lilitokea kichakani karibu mno, bunduki ya Roosevelt ikiwa tupu. Aliyeligeuza lile dume kwa risasi ni Cuninghame.

Kwa hiyo Roosevelt mwenyewe, aliyeipenda .405 kuliko mteja wako anavyoipenda, alijua wapi pa kuiacha. Hoja hiyo mpe kwa upole. Mtu anayemheshimu shujaa wake atasikia neno linalotoka kwa shujaa huyo kuliko linalotoka kwako.

Sasa nikusimulie yangu, kwa sababu swali lako niliwahi kulijibu vibaya.

Nilikuwa na umri kama wako. Alikuja mteja, simtaji, na bunduki ya wenzo ya mrija. Aliniuliza kambini, jioni, kama itamtosha mbogo. Nilikuwa mgeni kazini na nilitaka anipende. Nikamwambia, "Haina shida, Bwana." Maneno matatu tu.

Siku ya nne tukapata dume peke yake, hatua kama sitini, amesimama upande lakini bega limeelekea kwetu kidogo. Ndege wawili aina ya shashi walikuwa mgongoni mwake. Mteja akapiga. Tuliisikia risasi inavyogonga, mlio mkavu, si ule wa kuzama. Mbogo akainama mbele, akajizoazoa, akaondoka. Mteja akausukuma wenzo kwa pupa, robo tatu ya safari, akaurudisha. Ganda la kwanza lilikuwa bado halijatoka. Risasi ya pili ikaja, vikabanana, na bunduki ikageuka fimbo. Mbogo akaingia kichakani huku mtu akihangaika na kucha zake kulitoa ganda. Mwindaji bingwa, mkubwa wangu, alipiga moja, ikapita majani.

Tulingoja nusu saa. Mfuatiliaji wetu, mzee mmoja wa upande wa Kondoa, aliinama kwenye damu ya kwanza, akaigusa kwa kidole, akamwonyesha mkubwa wangu. Ilikuwa nyekundu ya kukolea, haina povu. Povu ni mapafu. Hapakuwa na povu. Wote watatu tulielewa, na hakuna aliyesema. Yule mzee akashika fimbo yake akatangulia, kama ilivyo kazi yake. Mkono wake mmoja fimbo, mwingine unasogeza matawi. Macho yako chini kwa sababu damu iko chini. Nyuma yake sisi wenye bunduki, macho mbele.

Wanaoijua kazi hii wanajua mbogo aliyejeruhiwa anavyofanya. Alikwenda moja kwa moja mita mia mbili, akazunguka, akarudi akasimama pembeni mwa njia yake mwenyewe, akatungoja tupite. Alimtokea mzee ubavuni. Mkubwa wangu alimwangusha mbogo kwa bunduki yake ya .458, mtutu ukiwa karibu na pembe kiasi cha kuunguza manyoya, lakini mzee alikuwa ameshainuliwa. Pembe ilimpasua paja kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga. Tulimfunga kwa shati langu na kwa mkanda wa bunduki. Alipona, Mungu alisaidia, ila hakutembea tena kama mtu aliyeishi kwa miguu yake.

Jioni tulipomchuna mbogo tukaitafuta ile risasi ya kwanza. Ilikuwa imekaa juu ya mfupa wa bega, imefunguka kama uyoga, haikuwa imeingia hata upana wa kiganja. Ilikuwa risasi laini, ya kulungu. Niliishika mkononi ikiwa bado na damu, nikayakumbuka maneno yangu matatu.

Tangu siku hiyo mimi sipimi bunduki kwa kumwangalia aliyeibeba. Mwenye bunduki ana bunduki. Nyuma yake kuna mwindaji bingwa mwenye nyingine kubwa zaidi, na pengine askari wa wanyamapori mwenye ya tatu. Anayetangulia hana. Yeye ndiye anayekutana kwanza na matokeo ya risasi aliyoipiga mwingine, na katika mazungumzo yote ya kipenyo na jouli na ndoto za utotoni hakuna anayemuuliza. Bunduki ya mbogo ni ile inayomtosha mtu anayetangulia mikono mitupu.

Sasa hatua, moja moja.

Kwanza, barua pepe. Iandike usiku huu, kesho ndipo uitume. Usianze na "hatuwezi". Anza na bunduki yake: mwambie umeiona picha, umefurahi, na ungependa babu yake angekuwepo. Kisha uliza mambo manne. Fundi bunduki ameikagua mwaka huu, hasa jinsi risasi inavyokaa chemba na jinsi ganda linavyotoka? Atatumia risasi gani, ya kampuni gani, kichwa laini au kigumu? Amepiga risasi ngapi akiwa amesimama, si ameegemea meza? Na je, yuko tayari kumpiga mbogo wa kwanza kwa bunduki ya kambi? Majibu yake yatakuambia umepata mwindaji au umepata mtu mwenye picha.

Pili, mazoezi ya mkono. Haya mwambie ayaanze sasa hivi, kwake. Anunue risasi bandia za mazoezi, zisizo na baruti. Kila jioni mara ishirini, amesimama, kitako begani, apige kavu na kuusukuma wenzo mpaka mwisho wake, aurudishe mpaka mwisho wake, bila kushusha bunduki. Wenzo wa 1895 unashuka mbali kuliko wa bunduki nyingine za aina yake. Asiyeuzoea huukatisha njiani, na hapo ndipo vinabanana kama vilivyobanana kwa yule wangu. Afanye pia akiwa amepiga goti, kwenye majani, aone mkono ule wa chuma unavyokwama kwenye kitawi. Kulala kifudifudi asijaribu kabisa, wenzo utagonga ardhi. Mtu akifanya hivyo miezi miwili, mkono utajua wenyewe siku ambayo kichwa kitakuwa kimesahau.

Tatu, risasi. Kwa simba, kichwa laini kinachofunguka kinafaa, maana simba ana ngozi nyepesi na dume kwa kawaida halifiki kilo 250. Kwa mbogo nataka kichwa kigumu cha shaba tupu, ncha bapa, kisichofunguka wala kupinda njia. Lakini kichwa kigumu kina tabia yake: kinaweza kumtoka mnyama upande wa pili na kumwingia aliyesimama nyuma. Kundini, kama nyuma ya dume kuna jike, hakuna kupiga. Risasi zisikae juu ya dashibodi ya gari zikipigwa jua, joto huongeza nguvu ndani ya chemba na ganda hung'ang'ania. Na lile vumbi la Rungwa mwezi wa nane unalijua. Mafuta kidogo sana kwenye mashine, kufuta kila jioni. Mafuta mengi na vumbi ni udongo wa mfinyanzi.

Nne, siku ya kwanza kambini. Wateja wengi hupiga risasi mbili kwenye karatasi kuona kama darubini haikuhama kwenye ndege, wakaenda kula. Huyu usimwachie hivyo. Weka sahani ya chakula, ya kawaida, hatua arobaini. Apige ya kwanza akiwa ameegemeza bunduki kwenye fito tatu, kisha aziache fito na kupiga mbili zaidi akiwa amesimama, zote tatu ndani ya sekunde kumi. Zote ziingie kwenye sahani. Arudie mara tatu. Ikikwama hata mara moja, bunduki ya babu itamngoja hemani mpaka ijulikane kwa nini. Kitako cha 1895 kinapiga bega vibaya, na mtu aliyeumia bega huanza kufumba macho kabla hajafyatua. Mwangalie macho, usiangalie sahani tu.

Tano, mpangilio wa wanyama. Kama leseni yake inaruhusu, aanze na kongoni kwa ile .405. Kongoni atamfundisha wenzo bila kumdhuru mtu. Kisha mbogo wa kwanza kwa .375 ya kambi, ili ajue mbogo ni nini: anavyonuka, anavyotazama, muda anaouchukua kuanguka hata akiwa amepigwa pale pale. Kisha simba kwa .405. Huyo awe dume lililofikisha miaka sita kama kanuni inavyotaka, apigwe kwa utulivu, mchana, na umbali uwe mfupi. Hapo Bwana wetu atakuwa ametimiza alichotimiza Roosevelt, na nadhani nusu ya ndoto yake itakuwa imeshatulia.

Sita, huyo mbogo wa pili. Kama mpaka hapo bunduki haijakwama, na mkono wa mteja umeuona kwa macho yako, inawezekana. Dume peke yake, si kundini. Mahali pa wazi, si kichakani. Hatua zisizidi arobaini, amesimama upande kamili, theluthi ya kwanza ya mwili kutoka chini, sawa na mguu wa mbele. Akielekea kwetu, hapana. Akiwa amegeuka kidogo, hapana. Na wakubaliane mapema, kambini, mbele yako: mlio wa risasi ya mteja ukitoka, mwindaji bingwa anapiga na yake papo hapo, haombi ruhusa. Wako wateja wasiopenda hilo, wanataka mnyama awe wao peke yao. Asiyekubali sharti hilo aende na .375.

Kwa bosi wako nakupa maneno ya kumwambia, maana yeye anafikiria hesabu, na hesabu ziko upande wako. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea amelipiwa kama aliyekufa, kwa hiyo mteja atarudi kwao amelipa na hana pembe, na atakachosimulia huko hakitaleta wateja wengine. Siku tatu za kumfuata mbogo aliyejeruhiwa ni siku tatu za kazi zilizopotea. Mfuatiliaji akiumia, kambi nzima imefungwa msimu huo hata kama hakuna aliyeifunga, kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kuingia porini. Mwambie bosi kwa adabu, "Mteja ni mfalme, nakubali. Lakini hata mfalme huwa na walinzi wanaomwambia mlango huu usipite."

Na usiogope sana kumpoteza. Mtu aliyetunza bunduki ya babu yake miaka yote hii ni mtu anayejua thamani ya kitu. Watu wa namna hiyo nimewaona wakisikiliza, wakiambiwa kweli mapema na kwa heshima. Wanaokasirika ni wale wanaoambiwa kweli siku ya nne, baada ya kuambiwa "haina shida" siku ya kwanza.

Limebaki moja, ambalo nimelichelewesha makusudi.

Yule mzee wa Kondoa, baada ya kupona, nilikwenda kumwona nyumbani kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima. Hakuniacha niyamalize. Alinitoa nje, nyuma ya nyumba, ambako majani yalikuwa yamefika kifuani kwa sababu mvua zilikuwa zimekolea. Akanipa fimbo yake, akasema, "Tangulia." Nikaingia. Yeye akabaki nyuma, akichechemea, hasemi kitu. Nilitembea hatua kama thelathini nikisogeza majani kwa fimbo, hakuna mbogo, hakuna hata mbuzi, na jasho lilinitoka mgongoni kama nimenyeshewa. Aliponiita nirudi, sikuwa na haja tena ya radhi wala yeye hakuwa na haja ya kuisikia. Nilikuwa nimeelewa kile nilichokuwa nimemwambia mteja wangu jioni ile.

Kesho asubuhi, kabla hujatuma barua pepe yako, nenda kwa mzee wenu. Usiende na simu. Kaa naye, kunywa naye chai, kisha muulize neno kwa neno: "Mzee, bunduki ile ikiwa nyuma yako, utatangulia?" Mweleze masharti yote niliyokuandikia, moja moja, na umwache afikiri. Akisema ndiyo, mbogo wa pili yupo, na mteja wako atamshukuru huyo mzee kuliko atakavyotushukuru mimi na wewe. Akinyamaza kama alivyonyamaza juu ya picha, basi kijana wangu umeshajibiwa. Mwandikie Bwana kwamba mbogo wote wawili ni kwa .375, na sababu umweleze kweli: kuna mtu anayetangulia, na huyo ndiye aliyeamua.